Fahamu: Kwa nini malalamiko hukimbia kasi kuliko habari njema mitandaoni

Mtu wa Tarime, mkoani Mara nchini Tanzania, akiweka picha ya zahanati mpya, atapata "hongera" chache. Akiweka ya tembo waliotoka Hifadhi ya Serengeti wakamaliza mahindi, watu watabishana hadi usiku wa manane.

Maumbile yanachangia, maana binadamu huwahi kuiona hatari kabla ya neema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliopima vichwa vya habari zaidi ya laki moja vya tovuti ya Upworthy ya Marekani, ulikuta kila neno hasi liliongeza mibofyo kwa asilimia 2.3.

Kisha kuna mitambo. Mwaka 2017 Facebook ilianza kuhesabu alama ya hasira mara tano ya "like", hivyo chapisho la kuudhi likapanda juu. Nyaraka za ndani zilizofichuka 2021 zilionyesha kuwa wafanyakazi wake wenyewe walitahadharisha. Uzito huo wa alama ya hasira ulifutwa Septemba 2020. WhatsApp haina mtambo wa kupanga machapisho namna hiyo. Huko kazi tunaifanya wenyewe kwa kusambaza, ndiyo maana mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja.

Ila si kila anayelalamika ni mnung'unikaji. Huko huko Tarime, wakazi wa kando ya mto Tigithe walilalamikia maji yaliyovuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara mwaka 2009, simu janja zikiwa bado adimu. Kilio kile kilikuwa na mto wa kupimwa na mgodi wa kuulizwa. Chapisho la "nchi imeoza" halina hata kimoja, na bado ndilo linalojaza maoni.