Ujana wa Gus na Call

Mtu aliyeitazama Lonesome Dove, tamthilia ya sehemu nne iliyoonyeshwa na CBS ya Marekani mwezi wa Februari 1989, akawazoea Robert Duvall kama Gus McCrae na Tommy Lee Jones kama Woodrow Call, makapteni wastaafu wa Texas Rangers wanaoswaga kundi la ng'ombe kutoka Texas hadi Montana, aghalabu huona uzito kuwakubali waigizaji wengine katika nafasi zao. Na kwa sababu hiyo wapo walioipokea kwa kinyongo Comanche Moon, iliyotoka Januari 2008 kusimulia ujana wa masahibu hao. Mimi nimeipenda, tena kwa dhati.

Kwanza, kazi hii haikutiwa mikononi mwa wageni. Mwongozaji ni yuleyule Simon Wincer, na mchezo uliandikwa na Larry McMurtry mwenyewe akishirikiana na Diana Ossana, kutokana na riwaya aliyoitoa mwaka 1997, miaka 12 baada ya ile ya Lonesome Dove iliyompatia tuzo ya Pulitzer. Steve Zahn ana bashasha na maneno mengi ya Gus, na Karl Urban ana ule ukimya wa Call. Val Kilmer, akiwa Kapteni Inish Scull, ni kioja: farasi wake anapoibwa na Kicking Wolf, Mkomanche hodari wa wizi huo, huwaacha askari wake nyikani, akawakabidhi vijana wawili ukapteni, akamfuata mwizi kwa miguu.

Lakini aliyenishika hasa ni Maggie, anayeigizwa na Elizabeth Banks. Katika tamthilia ya kwanza ni marehemu, husikika tu pale Gus anapomsuta mwenzake kwa kutomkiri Newt, kijana wa Maggie ambaye Gus hana shaka ni wa damu ya Call; na waliofika mwisho wa safari ile wamemwona Call akimpa Newt farasi wake, bunduki yake na saa aliyoachiwa na babaye, ilhali neno moja alilolingoja kijana, la kuitwa mwana, likakataa kutoka. Basi leo Maggie anapotokea akiwa hai, mwanamke maskini aliyekuwa akijiuza ili aishi, akamtaka Call amkubali yeye na mtoto, kila jibu la mkato analopewa humchoma mtazamaji maradufu, maana Call mwenyewe hajui atakavyokuja kulilipia, na sisi tunajua. Hali ni hiyohiyo Clara, mpenzi wa Gus, anapomkataa na kuolewa na Bob, mfanyabiashara wa farasi: tuliokwisha kumwona mama huyo kule Nebraska katika tamthilia ya kwanza, mumewe akiwa kitandani hajitambui, hatuwezi kuitazama harusi hiyo kwa furaha tupu.

Kasoro zipo, vita vya Rangers na Wakomanche vimepitishwa haraka mno, na Wes Studi, aliyemwigiza chifu wao Buffalo Hump kwa taadhima kubwa, alistahili nafasi zaidi. Hata hivyo, anayetaka ushauri namwambia aanze na ile ya 1989, ingawa matukio yake ni ya baadaye. Akianza na huu ujana, Maggie atakuwa kwake mwanamke mmoja tu kati ya wengi wa Austin.