Kuba la Nyumba ya Mazimwi

Mtu wa Rahaleo ya Mtwara akifika Unguja na kuulizwa atokako, akajibu kwa kutaja mtaa wake bila ya kuongeza neno, wenyeji hudhani kuwa amekuja kwa miguu, maana wao nao wana Rahaleo yao katika Ng'ambo ya mji wa kale, ile ambayo kituo chake cha redio kilitekwa na wanamapinduzi mwezi wa Januari 1964. Na tangu hapo mgeni hana budi kueleza habari za Ruvuma, Mikindani na korosho kabla hajasadikiwa. Nami yalinipata hayo siku niliposimama Mnazi Mmoja nikilitazama jengo jeupe lenye kuba, na mzee mmoja aliyeketi kivulini, baada ya kunijibu shikamoo yangu, akaniambia, "Hiyo, mwanangu, ni Nyumba ya Mazimwi. Hapo Rahaleo hawakukwambia?"

Jina rasmi la jengo hilo ni Beit el Amani, yaani Nyumba ya Amani, nalo lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1925 liwe makumbusho na, wakati huo huo, ukumbusho wa kumalizika kwa Vita Kuu ya kwanza. Walakini watu wa mji, ambao hawakutakwa shauri katika kutiwa jina hilo, walipoona kuwa ndani yake mmekusanywa mizoga iliyokaushwa, mifupa, na vyombo vya watu waliokwisha kufa, waliona kuwa jina la mazimwi ndilo linalolingana nalo zaidi. Sisi watu wa kusini tungaliweza kulitia jina la tatu, kwani amani hiyo ilipitia kwetu kabla ya kufika Unguja. Mwaka 1916 Wareno waliishika Kionga, kile kipande cha ardhi kilicho kusini ya mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekitwaa tangu 1894. Mwaka huo huo wakavuka mto wakaingia hata Newala, na huko wakafukuzwa. Na mwezi wa Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, naye akauvuka mto ule ule, akaingia Msumbiji na askari wake na wapagazi wake, akiiacha nyuma yake nchi ambayo chakula chake kilikuwa kimekwisha kuliwa na majeshi ya pande zote. Suluhu ilipoandikwa 1919, Kionga ilipewa Wareno, hata leo mvuvi wa Msimbati aendaye kumzuru shemeji yake ng'ambo ya mlango wa mto huvuka mpaka ambao waliouamua walikuwa wamekaa Ufaransa. Ukumbusho wa amani, basi, umejengwa Unguja kwa kuba na matao. Kwetu umechorwa majini.

Aliyelichora jengo hilo ni John Houston Sinclair, Mwingereza aliyezaliwa 1871 na kufariki 1961. Alikuwa na ilimu ya usanifu wa majengo, lakini mshahara wake aliupata kwa kazi ya utawala: alifika Afrika ya Mashariki katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akapanda daraja baada ya daraja katika serikali ya Unguja, hata mwaka 1922 akawa Balozi wa Kiingereza, cheo ambacho kwa hakika ndicho kilichokuwa kikitawala, ingawa aliyekalia kiti ni Sayyid Khalifa bin Harub. Cheo hicho aliwahi kukiacha kabla kuba lake halijafunguliwa mlango. Katika miaka yake ya kazi kalamu yake haikulala: nyumba ya Balozi iliyojengwa 1903, ambayo sasa ni Ikulu, Mahakama Kuu ya Vuga iliyokamilika 1908, posta ya Shangani, sinema ya Royal ya mwaka 1921, ambayo iliteketea kwa moto na mahali pake pakajengwa Majestic, na jumba la tajiri Bharmal la mwaka 1923. Ni nadra kumwona mtawala ambaye, raia wake akishitakiwa, huhukumiwa ndani ya jengo alilolichora yeye, akipeleka barua huipeleka kwenye posta aliyoichora yeye, na akitaka kujiburudisha jioni huketi chini ya paa lililotoka katika kalamu ile ile.

Yote hayo aliyachora kwa mtindo mmoja, ambao wataalamu wa majengo wameuhusisha na jina lake hata wakauita Usarasini wa Sinclair: kuta nyeupe, matao yaliyochongoka au yaliyojikunja kama kwato za farasi, madirisha ya nakshi, minara midogo, na kuba juu ya yote. Mgeni ashukaye bandarini hudhani kuwa hayo ndiyo majengo ya Kiarabu ya Unguja tangu azali, ilhali mtu akitazama vizuri nyumba za Waomani wenyewe, zile za karne ya 19, ataona kuwa nyingi ni mraba na kavu kwa nje, dari zake bapa, na uzuri wake wote umetiwa katika mlango wa nakshi na katika ua wa ndani usioonekana na mpita njia. Kuba halikuwa vazi lao. Yule Mwingereza alilitoa mbali, Istanbul na Moroko na Bara Hindi, akaivika serikali yake. Na serikali hiyo ndiyo ile iliyoupiga mizinga mji huo huo tarehe 27 Agosti 1896 kwa muda usiotimia saa nzima, mpaka jumba la Sultani likawa kifusi. Mimi sisemi kuwa kuba si zuri. Nasema kuwa aliyevunja mlango kwa mzinga, akarudi mwaka wa pili amevaa joho na kilemba, ana haki ya kutazamwa mara mbili.

Wala si Waingereza peke yao waliofanya hivyo. Boma la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga 1895 na ambalo huonekana jeupe juu ya kilima, lina mnara, matao na mlango wa nakshi kama wa mwenye mali wa Kiswahili, ingawa waliokuwa wakipita katika mlango huo walikuwa wakienda kulipa kodi au kuhukumiwa.

Lakini lililo ajabu zaidi ni kuwa pwani hii ilikuwa na makuba yake yenyewe, na hayakuwa Unguja. Yalikuwa huku kusini, Kilwa. Ule Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliongezwa katika karne ya 14 na ya 15, ukaezekwa kwa makuba na mapaa ya mviringo yaliyoshikamana juu ya nguzo za mawe. Karibu yake upo msikiti mdogo ambao ndani ya makuba yake mafundi walipachika mabakuli ya kung'ara yaliyokuja kwa jahazi kutoka ng'ambo, ili taa zikiwashwa dari nayo itoe mwanga. Na nje kidogo, juu ya jabali la bahari, liko gofu la Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, na ndani ya gofu hilo birika la kuogea lenye pembe nane lingali laonekana. Hayo yote yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila ya kipande cha chuma na bila ya mfuko mmoja wa saruji. Nikilitazama Beit el Amani naiona Istanbul, naiona Hindi. Kilwa siioni, ijapokuwa Kilwa iko karibu zaidi kuliko zote.

Sasa, je, wajua kwa nini kuba ni kazi ngumu kuliko dari? Dari ya nyumba zetu za mawe hupimwa na mti. Boriti ya mkoko, ile ambayo kwa karne nyingi majahazi yaliipakia katika midomo ya Rufiji na Ruvuma yakaipeleka Unguja na hata Uarabuni, ikipita kiasi cha mita tatu hulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kama ushoroba, kwa kuwa mwenye nyumba angeweza kuongeza urefu kadiri ya mali yake, lakini upana alipewa na msitu wa mikoko. Kuba halina habari ya mti. Kila jiwe lake humwegemea mwenziwe, na kwa kuwa yote yanataka kuanguka kwa pamoja, hakuna lipatalo nafasi ya kuanguka. Shida iko chini. Kuba lililo nusu ya tufe, ukilipima kutoka kileleni, hadi kiasi cha nyuzi 52 hubanwa tu, na jiwe hupenda kubanwa. Lakini kupita hapo kuelekea tako lake huanza kutanuka, kama kanzu inavyopanuka upindoni, na jiwe halina nguvu ya kuvutwa, kwa hiyo nyufa hutokea, nazo hutambaa kwenda juu. Mafundi wa kale walizuia hayo kwa kuta nene na vikuba vidogo vinavyoegemeana ubavuni. Wa siku hizi huzungusha chuma. Kuba la Mnazi Mmoja nalo halikusalimika, hata mwanahistoria Sarah Longair, alipoandika kitabu kizima juu ya makumbusho yale, nyufa za kuba ndizo alizozichukua kuwa jina lake.

Liko na jambo la pili, nalo ni kuliketisha duara juu ya chumba chenye pembe. Chumba cha mraba, ukichora duara ndani yake, huacha pembeni kiasi cha 21 katika kila 100 ya eneo lake, na nafasi hizo hazina budi kuzibwa kwa vipande vya matao ili kuba lipate pa kukaa. Sinclair ukumbi wake aliufanya wa pembe sita. Ndani ya pembe sita duara huacha 9 tu katika 100, kwa hiyo kuba hukuta kiti chake karibu kimekwisha kuviringwa.

Katika chokaa ndimo, kwa maoni yangu, ilimo elimu ya kweli ya majengo ya pwani. Jiwe la tumbawe huokwa katika tanuu, magogo yakipangwa kwa duara na mawe yakirundikwa juu yake, mpaka moto ufikapo joto la kiasi cha nyuzi 900. Hapo jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa mnyama wa bahari, na katika kila kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kilichobaki, kikimwagiwa maji, huchemka chenyewe bila ya moto, kisha huwa unga laini au uji mzito. Na ukutani, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, uji ule huivuta tena hewani ile hewa uliyoipoteza tanuuni, ukarudi kuwa jiwe lile lile lililochomwa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka, na ufa mdogo huweza kujiziba. Mtu aupakaye saruji ukuta wa matumbawe, kama wafanyavyo wengi kwa kutafuta ugumu, huuziba pumzi, chumvi na maji yakabaki ndani, ukaoza huku uso wake ungali unang'ara. Walakini chokaa hiyo ina deni lake baharini. Katika ghuba ya Mikindani matumbawe yameng'olewa hai kwa ajili ya matanuu, na magogo yamekatwa, hata samaki wakakosa nyumba ili sisi tupate zetu. Na tangu mwaka 2000 eneo la bahari kutoka Ghuba ya Mnazi hadi Ruvuma limewekwa kuwa hifadhi. Siku hizi saruji yachomwa hapa hapa mkoani petu, na jirani zangu wote, nami pia, tumejenga kwa matofali ya saruji na bati.

Niliporudi Rahaleo nilimsimulia habari hizi mwashi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye ujanani mwake aliaka nyumba za mawe na ambaye hata sasa huitwa penye ukuta uliopinda. Habari za Istanbul hazikumshughulisha. Habari za Mabalozi alizisikiliza kwa adabu. Lakini nilipomtajia ukumbi wa pembe sita alisimama, akapiga kigingi mchangani, akafunga kamba, akazungusha duara; kisha, kwa kipimo kile kile cha kamba, bila ya kuongeza wala kupunguza, akahesabu hatua juu ya ukingo wa duara, moja, mbili, mpaka sita, na ya sita ikaangukia pale pale alipoanzia, au karibu na hapo, kwani ilipita kwa upana wa kidole. Akainama akaitazama kamba, akaipapasa.

"Hii ya makumbi inavutika ikipata umande," akasema. "Na huyo Mzungu wako, kamba yake ilikuwa ya nini?"