Mahindi ya Mpala na chumba cha habari cha mazoezi

Wandugu, mimi ni mtu wa shamba. Lisanse yangu ni ya agronomia. Lakini mwaka uliopita rafiki yangu anayefundisha uandishi wa habari wa mtandaoni aliniita Kalemie nimsaidie katika zoezi, na pale njo nilielewa kazi yao.

Darasa linageuka chumba cha habari siku nzima. Asubuhi kuna kikao: mmoja anakuwa mhariri mkuu, wawili wanachunguza picha, wengine wanatoka kuuliza watu. Saa kumi habari iwe tayari, umeme ukatike ama usikatike, mega ziishe ama zisiishe. Ukurasa wao umefungwa, watu wa inje hawauoni. Kwenye staji mara mingi unatumwa fotokopi na kuangalia wakubwa wakifanya; huku kosa ni lako mwenyewe.

Ile siku mwalimu alitupa uvumi kwenye kikundi cha WhatsApp: mahindi ya Mpala yaliyoliwa na viwavi jeshi yana sumu, yasiuzwe sokoni. Mimi nilikuwa mtaalamu wa kuulizwa. Binti mmoja akanipigia simu. Nikamweleza: ule mdudu, aliyeonekana Afrika magharibi mwaka 2016 kabla ya kufika kwetu, anakula majani na hindi lenyewe, lakini hatii sumu. Shida inaweza kuja nyuma. Kwenye matundu yake kunaingia ukungu, zaidi mahindi yakiwekwa bila kukauka vizuri, na kuna ukungu wenye sumu kweli. Basi chambua, kausha, tupa yaliyooza.

Saa kumi nasoma kichwa: "Mtaalamu athibitisha: mahindi ya Mpala yana sumu."

Nilikasirika, na ulikuwa mchezo tu! Niliwaza wamama wanaopakia magunia kwenye mtumbwi mpaka Kalemie ili walipe minerval ya watoto. Nani angenunua?

Kumbe binti hakudanganya. Saa ilimbana, akakata jibu langu katikati. Mwalimu hakufuta ile habari. Alimwambia anipigie tena, aandike sahihisho na kuliweka juu kabisa, herufi kubwa sawa na za kosa. Kisha akawakumbusha kwamba tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na sheria ya mambo ya kidijitali, namba 23/010, na kusambaza habari za uongo mtandaoni kunaweza kukupeleka gerezani. Darasa lilinyamaza jii.

Mimi niliona pengo moja. Katika zoezi hakuna coupage, na sisi wote tunajua mwandishi akitoka kwenye mkutano anapewa nini mkononi. Nikamwambia rafiki: safari ingine nitakuja na bahasha ya "transport", nimpe mwandishi mbele ya wenzake, tuone kama habari yake itabadilika.

Amekubali. Bahasha nilishanunua.