BAADA YA KIMBUNGA (Sehemu ya Pili): Upepo wa siku moja, giza la miezi 11

Wiki iliyopita makala haya yalieleza namna kimbunga kinavyozaliwa juu ya bahari yenye joto na kinavyoishiwa nguvu kikishapanda nchi kavu. Sehemu hii inahusu kipindi kisichopigwa picha nyingi: wiki na miezi inayofuata, upepo umetulia na umeme haupo. Mfano ni Puerto Rico, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani.

Kimbunga Maria kilipiga pwani ya kusini-mashariki, karibu na mji wa Yabucoa, alfajiri ya Septemba 20, 2017, upepo wake ukivuma kwa kasi ya kilomita 250 hivi kwa saa. Alasiri kilikuwa kimeshakikata kisiwa na kutokea baharini upande wa pili. Wateja wote wa umeme, takriban milioni 1.5, walibaki gizani. Shirika la umeme lilitangaza kwamba limemaliza kuwarudishia wote katikati ya Agosti 2018.

Ni miezi 11. Mwezi huohuo wa Septemba 2017 kimbunga kingine, Irma, kilizima umeme kwa zaidi ya wateja milioni 6 katika jimbo la Florida, na wengi wao waliupata tena katika muda wa siku 10 hivi. Tofauti hiyo haielezwi na ukali wa upepo peke yake.

Sababu ya kwanza ni ramani. Mitambo mikubwa ya kufua umeme ya Puerto Rico, kama Aguirre na Costa Sur, iko kusini, ilhali wakazi wengi wako kaskazini, kuuzunguka mji mkuu wa San Juan. Katikati imelala safu ya milima ya Cordillera Central, na njia kuu za kusafirisha umeme hazina budi kuivuka. Minara iliyoanguka kwenye miteremko na mabonde haikufikika kwa gari. Nguzo nyingine zilibidi zipelekwe kwa helikopta.

Ya pili ni fedha. Shirika la umma la umeme, linalojulikana kwa kifupi cha AEE, lilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai wake mwanzoni mwa Julai 2017, likiwa na deni la takriban dola bilioni 9. Mitambo yake mingi ilikuwa imezeeka, miti iliyosogelea nyaya haikupogolewa kwa wakati, na mafundi wazoefu walikuwa wamestaafu au wamehamia bara. Septemba 2016, mwaka mzima kabla ya Maria, moto katika kituo cha Aguirre ulitosha kuzima kisiwa chote, na hapakuwa na kimbunga.

Ya tatu ni uamuzi. Mashirika ya umeme ya Marekani yana utaratibu wa kusaidiana wakati wa maafa: jimbo moja likipigwa, mafundi wa majimbo mengine hufunga safari na magari yao, nyaya zao na vipuri vyao. Florida ilinufaika na utaratibu huo. AEE haikuutumia mwanzoni. Badala yake ilitia saini mkataba wa dola milioni 300 na Whitefish Energy, kampuni ya jimbo la Montana iliyokuwa na wafanyakazi wawili tu wa kudumu siku Maria alipopiga. Kelele zilipozidi, gavana wa kisiwa alitaka mkataba uvunjwe, na Oktoba 29 AEE ikatangaza kuuvunja. Wiki za thamani zilikuwa zimeshapotea.

Hata mafundi na vifaa vikiwepo, gridi iliyozimika yote haiwashwi kwa mkupuo. Mtambo mkubwa wa kufua umeme nao unahitaji umeme ili uanze kazi, kwa kuwa pampu, feni na vidhibiti vyake vyote vinautegemea. Kwa hiyo mafundi huanza na mtambo mdogo unaoweza kujiwasha wenyewe, huutumia kuamsha mkubwa, kisha huongeza mzigo kidogo kidogo: hospitali, pampu za maji, vituo vya kupozea umeme, halafu mtaa mmoja baada ya mwingine. Umeme unaofuliwa lazima ulingane na unaotumika kila wakati. Mizani hiyo ikiyumba kupita kiasi, mitambo hujizima yenyewe isije ikaungua.

Gridi iliyounganishwa upya kwa viraka haina ustahimilivu. Aprili 18, 2018, miezi saba baada ya kimbunga, mashine ya kuchimba iligusa njia moja kuu na kisiwa chote kikazimika tena.

Swali zito zaidi ni nani alikufa, na kwa nini. Kwa miezi mingi idadi rasmi ya waliopoteza maisha ilikuwa watu 64. Agosti 2018, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington, ulioagizwa na serikali ya kisiwa yenyewe, ulikadiria vifo 2,975 zaidi ya kiwango cha kawaida kati ya Septemba 2017 na Februari 2018. Serikali iliikubali hesabu hiyo. Watafiti wa Harvard nao walizungumza na kaya 3,299 na kukuta kwamba, kwa wastani, kaya ilikaa siku 84 bila umeme, siku 68 bila maji na siku 41 bila mtandao wa simu. Takriban theluthi moja ya vifo walivyosimuliwa vilihusishwa na matibabu yaliyochelewa au kukatizwa.

Maana yake ni kwamba wengi hawakuuawa na paa lililong'oka. Walikuwa wagonjwa wa kisukari ambao insulini yao ilikosa ubaridi, wazee waliotegemea mashine ya oksijeni, wagonjwa wa figo. Katika kisiwa kidogo cha Vieques hospitali iliharibika, na wagonjwa wa kusafishwa damu wakawa wanasafirishwa kwa ndege mara tatu kwa wiki kwenda kisiwa kikubwa. Hospitali nyingine ziliendeshwa kwa jenereta zilizohitaji dizeli, na malori ya dizeli yalihitaji barabara ambazo miti na vifusi vilikuwa vimezifunga.

Maji nayo yalifuata umeme. Pampu ikisimama, bomba hukauka. Watu wa milimani walichota kwenye mito na chemchemi, na baadhi yao wakapata homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine ndani ya maji. Wasomaji wa Lindi wanaukumbuka ulipozuka huko mwaka 2022.

Majumbani, aliyejiweza alinunua jenereta, nayo ina hatari zake. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Haiwekwi ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha. Inakaa nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na moshi wake uelekee upande usio na watu. Hatari ya pili inampata mtu mwingine kabisa. Jenereta ikichomekwa kwenye soketi ya ukutani, umeme wake hurudi kwenye nyaya za mtaani, na transfoma ileile inayoupunguza ukiingia nyumbani huuongeza ukitoka, hadi maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini nyaya zimekufa, hupigwa shoti. Jenereta iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia, iliyofungwa na fundi anayejua kazi yake, au vyombo vichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta.

Wenye sola walipatwa na mshangao mwingine. Paneli zilizounganishwa na gridi bila betri hazikuwasaidia hata mchana wa jua kali, kwa sababu inveta za aina hiyo hutengenezwa zijizime gridi inapozimika, kwa ajili ya kumlinda yuleyule fundi wa nguzoni. Aliyekuwa na betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi ndiye aliyewasha taa.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Adjuntas, ndani ya milima. Casa Pueblo, jumuiya ya wananchi iliyoanzishwa mwaka 1980, ilikuwa imeanza kutumia sola mwaka 1999. Baada ya Maria nyumba yake ikawa kimbilio: watu walikwenda kuchaji simu, kutumia mashine za kupumulia na kuhifadhi dawa zinazohitaji ubaridi. Baadaye jumuiya hiyo iligawa taa za sola kwa maelfu, na Machi 2023 ikazindua gridi ndogo ya sola na betri inayohudumia biashara za katikati ya mji, ili ziendelee kufanya kazi hata gridi kuu ikizimika.

Kwa kisiwa kizima mambo yamekwenda polepole. Septemba 18, 2022, Kimbunga Fiona, dhaifu kuliko Maria kwa mbali, kilizima tena umeme wote. Desemba 31, 2024 karibu kisiwa chote kiliamkia gizani bila dhoruba yoyote, na hali hiyo ikajirudia Aprili 2025. Madeni, mitambo mikuukuu na nyaya za milimani bado vipo.

Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei 2024 kiliwakumbusha watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwamba jambo hili si la Karibiani peke yake. Halmashauri, zahanati na kamati za maji za pwani zijiulize mapema: friji ya chanjo na insulini itaendeshwa na nini kwa wiki mbili, pampu ya kijiji ina chanzo gani cha pili cha nishati, na nani katika kila mtaa anategemea mashine ili aishi? Orodha ya majina hayo haigharimu zaidi ya daftari na kalamu, na iandikwe kabla ya msimu ujao. Wiki ijayo: kusafisha maji ya kunywa pale bomba linapokauka.