Wateja wako wote wana simu moja? Kutana na 2147483647

Tuseme umejifunza kuandika programu kupitia YouTube, ukaundia duka la gesi pale mtaani mfumo wa kuhifadhi simu za wateja. Baada ya wiki unafungua jedwali. Achieng: 2147483647. Kamau: 2147483647. Halima naye vivyo hivyo. Hapana, hujadukuliwa. Umegonga dari.

Sehemu ya data ya aina ya INT ina swichi 32, kila moja ni 0 au 1. Moja inaangalia kama nambari ni hasi au chanya, zinabaki 31. Ziwashe zote, unapata 2147483647. Sasa cheki simu yako ikianza na 254: hiyo ni zaidi ya bilioni 254! Haiingii. MySQL za siku hizi hukataa na kukuonyesha kosa, lakini za kale, au zilizolegezwa masharti, zinanyamaza na kuandika kiwango cha juu zinachoweza kubeba.

Lakini hii nambari ilikuwa na jina kubwa kabla ya kompyuta. Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: ndiyo hiyo. Mwaka wa 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alidai ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler wa Uswisi mnamo 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Badala ya kujaribu kila nambari tasa hadi 46,340, alionyesha kuwa kigawanyo chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Hapo kazi ikapungua vibaya sana. Kwa miongo mingi hakuna tasa kubwa zaidi iliyojulikana.

Ukiizidisha kwa 1073741824 unapata nambari timilifu, ambayo vigawanyo vyake vyote vikijumlishwa (bila yenyewe) vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1+2+3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka wa 1811 kwamba hakuna atakayejisumbua kutafuta timilifu kubwa kuliko hiyo, kwa sababu hazina faida. Pole kwake, bana.

Kuna na saa. Mitambo mingi ya kale huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa swichi hizo hizo. Zitajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa Kenya, halafu mtambo ambao haujarekebishwa utadhani ni Desemba 1901.

Turudi kwa gesi. Usikimbilie BIGINT. Dari yake ni 9223372036854775807 (hiyo si tasa, jaribu kuigawa kwa 7), kwa hivyo 254 itaingia, lakini sifuri ya 07 itapotea. Hifadhi simu kama maandishi, VARCHAR. Kwani utawahi kujumlisha simu mbili? Zile zilizokwisha kugeuka 2147483647 hazirudi. Itabidi umuulize Achieng upya, na Kamau, na Halima, kila mmoja akija kujaza mtungi.