Kikohozi hakizuii chanjo: ni mtoto gani hasa asichanjwe?

Mama ametoka nyumbani asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, karatasi ya chanjo mkononi. Ametembea saa mbili mpaka kituo cha afya. Muganga anasikia mtoto anakohoa, anasema: « Mama, huyu mutoto anakohoa. Utarudi naye mwezi ujao. » Mama anarudi nyumbani. Mwezi ujao ni wakati wa kulima, hafiki tena. Kisha surua inaingia kijijini.

Muganga alifikiri anamlinda mtoto, kumbe amemwacha bila kinga. Congo inajua bei ya kosa hilo. Katika mwaka 2019 na 2020, surua iliua watu zaidi ya 7000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5.

Ugonjwa mdogo si kizuizi

Mafua, kikohozi, kuhara kidogo, homa isiyofika nyuzi 38,5: hayo yote hayazuii chanjo. Mtoto anayemeza antibiotiki anachanjwa. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia anachanjwa. Mwenye utapiamlo ndiye wa kuchanjwa bila kuchelewa, kwa sababu surua inaua haraka mwili uliodhoofika. Na kama mara ya kwanza mtoto alipata homa ao alivimba kidogo mahali pa sindano, hilo ni jambo la kawaida, aendelee.

Anayesubiri

Mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida ao asiyeweza kunyonya, atibiwe kwanza. Akipelekwa hospitali, wazazi wakumbushe chanjo mbele ya kutoka. Kusubiri kunasaidia pia watu wasije kusema chanjo ndiyo ilileta ugonjwa uliokuwepo tayari.

Asiyepewa

Hapa orodha ni fupi. Ya kwanza ni mzio mkali: kisha chanjo, katika dakika ao saa chache, uso ulivimba, pumzi ilikata, mtoto akalegea. Chanjo hiyo isirudiliwe.

Ya pili inahusu pentavalent, ile ya juma la 6, la 10 na la 14. Kama katika siku 7 kisha sindano mtoto alizimia ao alishikwa na degedege la muda mrefu, na hakuna sababu nyingine iliyoonekana, asipewe tena dawa yenye sehemu ya kifaduro mpaka daktari amuone.

Ya tatu ni chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa. BCG, ya kifua kikuu, haipewi mtoto mwenye dalili za ukimwi. Ile ya homa ya manjano haipewi mtoto wa chini ya miezi 6, wala mwenye mzio mkali wa mayai, wala ambaye kinga ya mwili imeshuka sana. Ya surua pia haipewi mwenye kinga iliyoshuka sana, lakini kuwa na virusi vya ukimwi peke yake si sababu ya kumnyima.

Jambo moja lisisahauliwe: kuzuiwa chanjo moja si kuzuiwa zote.

Maswali ya kuuliza mbele ya sindano

« Mama, leo mutoto iko namna gani? » « Kisha chanjo ya mwisho, alipata nini? » « Kuna chakula ao dawa inamukataa? » « Kuna ugonjwa mukubwa ao dawa ya kila siku? » Maswali hayo yanachukua dakika mbili tu, na yanaonyesha karibu kila mtoto wa kuangaliwa zaidi.

Kuna pia mambo ya mikono. Sindano mpya kwa kila mtoto. Adrenalini iwe karibu, na mtoto abaki kituoni angalau dakika 15. Chupa ya surua ao ya BCG ikishachanganywa, inatupwa kisha saa 6, hata kama imebaki na dawa, kwa sababu vijidudu vingine vinaweza kuzaa ndani.

Muganga akimrudisha mtoto, aandike sababu na siku ya kurudi kwenye karatasi. Mama naye ana haki ya kuuliza: « Ni ugonjwa gani unazuia? Nirudi naye siku gani? » Kama jibu ni « anakohoa » tu, mtoto angechanjwa siku ileile.