Goma, Bukavu, Butembo: Gitaa la besi la okazio linanunuliwa kwa macho, kwa sikio na kwa karatasi

Picha tatu, bei kwa dola na namba ya simu. Katika vikundi vya WhatsApp vya wapiga muziki wa Goma, Bukavu na Butembo, hivyo ndivyo gitaa la besi linavyotafuta mwenyewe mpya. Dakika chache baadaye maswali yanaanza: nyuzi ni nne ao tano? Shingo imenyooka? Bei ya mwisho ni ngapi, yaya? Lakini kuna swali moja ambalo watu wengi wanasahau, na ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: chombo hiki kimetoka wapi?

Tangu mwaka 2025 swali hilo limekuwa zito. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka huo, mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23. Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Katika siku hizo maduka na depo ziliporwa, na familia nyingi zilikimbia zikiacha mali nyumbani. Anayenunua leo besi, mikro ao meza ya kuchanganya sauti bila kuuliza asili yake anaweza kujikuta ameshika chombo cha kwaya ya mtaa wa pili.

Hata hivyo soko la okazio haliwezi kufungwa, kwa sababu bila hilo vijana wengi wasingepiga muziki. Besi mpya ya Fender iliyotengenezwa Marekani inapita dola 1500. Besi mpya za bei ndogo zinazotoka China zinapatikana madukani, lakini nyingi zinahitaji fundi kabla ya kupigwa vizuri. Kati ya hizo mbili kuna Yamaha, Ibanez na Squier zilizokwisha kupita mikononi mwa mtu mmoja, wawili ao watano. Hizo ndizo mpiga besi wa Kivu anazozitafuta.

Mwenye chombo ndiye mwenye neno

Jambo la nani anamiliki vyombo ni la zamani katika muziki wa Kongo. Wakati kampuni za kurekodi zilipoanza Léopoldville, kama Ngoma ya Nicolas Jeronimidis mwaka 1948 na Loningisa ya akina Papadimitriou mwaka 1950, wenye kampuni ndio walikuwa na studio, mashine na mara nyingi hata magitaa. Mwimbaji alileta kipaji chake, akarekodi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye, orkestra zilipokuwa kubwa, neno likabaki lile lile: mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra. Mpigaji aliyekosana na mkubwa wake aliondoka bila gitaa.

Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, kwa jina la nchi zote mbili za Kongo. Katika muziki huo besi si ya kujaza tu. Inaacha nafasi, inaruka, inajibu ngoma, na sebene inapoanza, yeye ndiye anayeshika wachezaji. Lakini hata leo, vijana wengi wa mashariki wanaojifunza besi wanajifunzia kanisani, juu ya chombo cha kanisa. Siku kijana anahama mtaa, anabadilisha kanisa ao anakosana na kiongozi wa kwaya, anabaki na vidole vyake tu. Ndiyo sababu besi ya kwanza ya okazio ina uzito kuliko bei yake. Ni siku ambayo mpigaji anaacha kuomba ruhusa.

Vyombo vinapita wapi

Njia ni nyingi. Vingine vinatoka kwa kwaya zinazonunua vipya na kuuza vya zamani. Vingine vinatoka kwa studio ndogo zinazofunga ao zinazobadilisha vifaa. Kuna vinavyopita Kampala na mpaka wa Kasindi, njia ambayo wafanyabiashara wa Butembo wanaijua tangu zamani. Kuna vinavyopita Kigali na kuingia Goma kwa mpaka wa Gisenyi. Na kuna vile ambavyo ndugu walioko Ulaya ao Marekani wanatuma, wakati mwingine kama zawadi kwa kanisa la nyumbani.

Kati ya muuzaji na mnunuzi anasimama mara nyingi komisioneri, anayejua nani anauza na nani ana pesa. Kazi yake inasaidia, lakini ina hatari yake: mnunuzi akipatana na komisioneri peke yake, hamjui mwenye chombo. Siku matatizo yanatokea, komisioneri anasema yeye alikuwa njia tu.

Besi inaangaliwa namna gani

Kazi ya kwanza ni ya macho. Gitaa linashikwa kama mtu anayelenga bunduki, jicho likitazama kutoka upande wa mwili kuelekea kichwa. Shingo inaweza kupinda kidogo, hiyo ni kawaida. Lakini ikijisokota kama nguo inayokamuliwa, fundi wengi hawataweza kuirudisha. Ndani ya shingo mna chuma kirefu kinachorekebisha mkunjo. Kama kimekazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda, hakuna nafasi tena ya kurekebisha. Katika miji yenye mvua nyingi kama Bukavu, mbao inavuta unyevu, na gitaa lililolala muda mrefu ukutani bila mfuko linaonyesha mapema.

Kisha vile vyuma vidogo vya shingoni. Kama nyuzi zimevichimba mpaka kuna mashimo, sauti italia kama nyuki. Kuvibadilisha vyote ni kazi ya bei kubwa, na inafaa kuondolewa katika bei ya chombo.

Kazi ya pili ni ya sikio. Uzi unapigwa kwa kugusa tu juu ya chuma cha 12, halafu unapigwa tena kwa kubana pale pale. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Kama zinaachana, kuna kurekebisha daraja, na kama daraja halina nafasi tena, gitaa halitaimba sawa na kinanda. Vifungo vya sauti vinazungushwa polepole: vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na fundi anasafisha kwa pesa kidogo. Kebo ikitikiswa kwenye tundu lake na sauti ikakatika, hilo pia ni jambo dogo. Muuzaji asitumie makosa madogo kuficha makubwa, na mnunuzi asitumie makosa madogo kuangusha bei bila haki.

Besi nyingi za siku hizi zina betri ya volti 9 ndani. Betri hiyo inaendelea kuliwa kila wakati kebo imechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Inafaa kufungua kile kifuniko cha nyuma: betri iliyovuja inaacha unga na kutu, na kutu inakula waya.

Nyuzi nazo zinaweza kudanganya. Wapiga besi wengi wanajua kwamba nyuzi za zamani zikichemshwa katika maji zinarudisha mlio kwa siku chache. Nyuzi zinazong'aa si ushahidi kwamba gitaa limetunzwa.

Kuhusu nyuzi nne ao tano: besi ya nyuzi tano inaongeza Si ya chini, na makanisa mengi yanaipenda. Lakini Mi ya chini ya besi inatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na Si ile mara 31 hivi. Bafle ndogo haiwezi kuitoa sauti hiyo. Anayenunua nyuzi tano bila bafle inayofaa analipia uzi ambao watu hawatausikia. Na anayechomeka besi katika ampli ndogo ya gitaa la solo, kisha akapandisha sauti, anaweza kuipasua spika yake.

Mikro na kadi ya sauti

Katika vifaa vya studio, hatari ya kwanza ni kuiga. Mikro SM58 ya Shure, inayouzwa tangu mwaka 1966, ni kati ya zinazoigwa sana duniani. Mpya yake huko Marekani inauzwa karibu dola 100. Mtu akiileta "mpya katika karto yake" kwa dola 20, jibu liko ndani ya bei. Ile ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300, na njia nzuri ni kuiweka kando ya nyingine inayojulikana kuwa ya kweli, kisha kuimba katika zote mbili.

Mikro za studio zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa mashine zinajaribiwa na umeme huo, si kwa maneno. Muuzaji akisema hana kifaa cha kujaribia, basi biashara ingoje. Kwa meza ya kuchanganya sauti, kila mlango unajaribiwa mmoja mmoja. Katika mji kama Goma, ambako vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inaingia kila mahali, vile vifungo vya kupandisha na kushusha ndivyo vinavyochoka mapema.

Kadi ya sauti, kile kisanduku kinachoingiza sauti katika kompyuta, ina mtego wake. Nyingi za zamani zinatumia tundu la FireWire, ambalo kompyuta mpya hazina. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa na kisitumike. Nyingine zimeandikishwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza kwenye intaneti, pamoja na programu zake. Inafaa aliyeuza aziondoe kwa jina lake mbele ya mnunuzi.

Anayeuza kompyuta ya studio naye ana wajibu. Ndani yake mna nyimbo za watu: sauti za kwaya, kazi za vijana ambazo hazijatoka. Kabla ya kuuza, faili hizo zinapaswa kunakiliwa, kurudishwa kwa wenyewe, kisha kufutwa.

Umeme wa Marekani si wa Kongo

Zawadi kutoka kwa ndugu wa Marekani imechoma zaidi ya ampli moja. Kule umeme ni wa volti 120. Kwetu ni 220. Kichomeo kinachobadilisha umbo la meno hakibadilishi nguvu ya umeme. Jibu limeandikwa nyuma ya mashine: ikiwa ni "100-240 V", hakuna shida. Ikiwa ni "120 V" peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazotosha, na bei ya transfoma hiyo inafaa kuhesabiwa kabla ya kupatana. Na mahali umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, chombo cha kutuliza umeme kinalinda kuliko maombi.

Kubadilishana na kulipa

Biashara nyingi hazina pesa nzima. Mmoja ana besi mbili na hana mikro. Mwingine ana mikro mbili na hana besi. Wanabadilishana, na mwenye chombo kidogo anaongeza pesa juu. Kosa la kawaida ni kila mmoja kuangalia chombo anachopokea na kusahau kuandika kile anachotoa. Vyombo viwili vinabadilisha wenyewe, basi vyote viwili viandikwe.

Tangu benki zilipofunga milango mjini Goma mwanzoni mwa 2025, malipo kwa simu yamekuwa njia kubwa: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Ujumbe wa simu unaweza kutengenezwa na mwizi. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kutoa chombo. Naye mnunuzi asitume hata "avansi" kwa besi ambayo ameiona katika picha tu. Kwa wanaolipa noti za dola mkononi, zihesabiwe na kuangaliwa pale pale, kwa maana noti yenye mpasuko kidogo inakataliwa sokoni.

Karatasi moja, mashahidi wawili

Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo haiadhibu mwizi peke yake. Inaadhibu pia mtu anayepokea mali iliyoibwa akijua asili yake. Bei iliyo ndogo kupita kiasi, muuzaji anayekataa kutaja jina, namba ya chombo iliyokwanguliwa: mbele ya hakimu, mambo hayo yanaweza kusema kwamba mnunuzi alijua.

Dawa yake haigharimu kitu. Ni karatasi moja yenye majina ya wote wawili, namba ya kadi ya mchaguzi ao kitambulisho kingine, aina ya chombo, rangi, namba iliyochongwa juu yake, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Kama chombo ni cha kanisa, asaini kiongozi wa kanisa, si mpigaji aliyekizoea tu. Mtu asiye na karatasi ya zamani bado anaweza kuonyesha picha ao video za miaka iliyopita akipiga chombo hicho hicho; mkwaruzo mmoja juu ya mbao unatosha kukitambulisha. Wanaosimamia vikundi vya WhatsApp nao wanaweza kusaidia kwa sharti moja: tangazo lisilo na picha ya namba ya chombo lisipite.

Wengine watasema ni mambo mengi kwa ajili ya gitaa moja. Lakini siku ya posho, mpigaji anapobeba besi yake mgongoni kwenda kupiga arusi ya upande mwingine wa mji, ao anapofika mbele ya kizuizi na kuulizwa mali hii ni ya nani, karatasi hiyo ndiyo inayojibu. Na siku ya yenga, akiamua kupiga katika kanisa lingine, hakuna atakayemwambia aache chombo mlangoni.